Mstari Usio na Vu

Kabla sijasema lolote juu ya wakaguzi, niseme kwanza juu ya neno moja dogo la Kifaransa, kwa sababu ndilo lililotutia matatani. Neno lenyewe ni *vu*. Maana yake "imeonwa". Katika ofisi zetu za Kolwezi, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre, karatasi haikuwa na uhai mpaka mkubwa fulani aandike *vu* pembeni na kutia sahihi. Ombi la likizo, *vu*. Orodha ya sabuni, *vu*. Nilikuwa na mjomba, karani wa reli huko Mutshatsha, aliyekuwa akichungulia sufuria ya shangazi jikoni, anasema "vu", kisha anakwenda kukaa kungoja chakula.

Mimi nilikuwa karani wa mutuelle, yaani mfuko wa kusaidiana wa wafanyakazi wa mgodi. Kila mfanyakazi alikatwa kidogo kwenye mshahara, na akifikwa na jambo, iwe msiba, uzazi au ugonjwa mrefu, mfuko ulimpa fungu lake kwa kipimo kilichoandikwa na kubandikwa ukutani. Tulikuwa watu wanne: direkta, kesia nyuma ya dirisha lake la nondo, mimi, na mhasibu wetu mzee ambaye kila mtu, hata direkta, alimwita Tata Kontable, yaani Baba Mhasibu. Mimi niliandika katika kitabu kikubwa: nani, jambo gani, kiasi gani. Tata Kontable alipaswa kuupitia kila mstari, kuulinganisha na karatasi za mwanachama, na kuandika *vu*. Ndipo kesia alipe. Anayeandika siye anayeona, na anayeona siye anayelipa. Hivyo ndivyo sheria ilivyosema, na sheria ilikuwa nzuri.

Niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mwandiko nilioupata kwa masista kule Kongolo, na mdomo ambao masista hawakuweza kuunyoosha. Tata Kontable alikuwa mtu wa Kasongo, Mwislamu, mtoto wa mfanyabiashara aliyekuja Katanga na malori. Alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi zile, ya kahawia, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Hakupenda utani asubuhi. Mchana, akishasali na kunywa chai, ungeweza kumchokoza, naye angekujibu polepole, na jibu lake lingekuuma mpaka jioni.

Kwamba haoni, sikuligundua kwa siku moja. Kwanza aliniambia, "Mwanangu, soma wewe leo, macho yamechoka." Kesho yake vilevile. Baada ya wiki mbili aliacha kutoa sababu, nami nikaacha kuzingoja. Nikamwona anapapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Nikamwona anamsalimu direkta kwa kufuata sauti ya viatu. Siku moja *vu* yake iliangukia juu ya tarakimu, nyingine ikaenda kulala mstari wa chini, basi nikakata katoni ya sabuni, nikatoboa ndani yake dirisha dogo la mstatili, nikaliweka juu ya mstari na kukiongoza kidole chake. Aliingiza kalamu katika dirisha lile na kuandika. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, wala siku ile wala mwaka mzima uliofuata.

Mtu atauliza kwa nini nilinyamaza. Mzee alibakiwa na muda mfupi afike siku ya kustaafu. Aliyestaafu salama alipewa fedha zake za mwisho wa kazi na muda wa kujipanga. Aliyefukuzwa kwa kosa hakupewa kitu, na nyumba ya kampuni aliitoka upesi, godoro kichwani. Tata Kontable alikuwa na mke na wajukuu watatu katika nyumba ile. Mimi nilikula kwao kila Idi, na mke wake alinitengea nyama ya mbavu kana kwamba ni haki yangu ya kuzaliwa. Ningesema vipi?

Tena, hakuwa mzigo. Nilimsomea kila mstari, naye aliinamisha kichwa upande, vidole vikigonga goti taratibu. Nikikosea namba ya mwanachama, alisema neno moja tu: "Rudia." Alizishika namba zote kichwani, watu na wake zao na watoto wao. Nilikuwa nikitoka jasho kama mtoto mbele ya mwalimu.

Sasa nifike kwenye mstari wangu.

Mama mmoja alikuja asubuhi ya mvua, kikwembe kimelowa mpaka magotini. Mume wake alikuwa mgodini, na msimamizi alikuwa amekataa kumwachia mpaka zamu iishe. Mtoto wao wa kiume alikuwa amefia hospitalini, homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kipimo chetu kilisema: chini ya miaka kumi na mitano, fungu la mtoto, kuanzia hapo, fungu la mtu mzima. Na fungu la mtoto lilikuwa dogo sana, lilitosha sanduku fupi la kuzikia tu. Yule mama hakubishana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Mama, ule fundi wa sanduku anapimaka miaka, ao anapimaka urefu? Mutoto yangu alikuwa mulefu sawa baba yake."

Niliandika miaka kumi na mitano, fungu la mtu mzima. Kisha nikakipeleka kitabu kwa Tata Kontable nikasoma.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nikaweka katoni juu ya mstari, nikakiongoza kidole chake, naye akainama na kalamu. Sikutazama. Niligeuza uso dirishani nikaitazama mvua, kwa sababu mkono ule mzee sikuweza kuutazama. Aliponyanyua kalamu nilifunua ukurasa upesi, nikamwandikia yule mama karatasi yake ya malipo, na kesia akalipa.

Sijuti kwamba mtoto yule alizikwa katika sanduku lililomtosha. Hata leo sijuti. Ningeweza kumweleza Tata Kontable ukweli, naye angesimama, angepita kwa direkta na kwa kesia na kofia yake mkononi, na tungechanga tofauti ile kabla ya chai, kama tulivyokwisha kuchanga mara nyingine. Nililojutia ni kwamba nilimtumia mzee asiyeona kama mtu anavyotumia muhuri. Tangu siku ile, nikiupita ukurasa ule, niliufunika kwa kiganja.

Miezi kumi na mmoja baadaye ndipo habari zikafika kwamba wakaguzi wanakuja. Direkta, ambaye kwa kawaida tulimwona saa nne, alianza kufika kabla ya mfagizi. Mapazia yalifuliwa. Kesia alinunua kufuli jipya, akapoteza ufunguo wake siku hiyohiyo, tukamchekea nyuma ya mlango. Mimi sikucheka sana. Tata Kontable alikuwa amebakiwa na miezi minane.

Walitoka Lubumbashi, wawili. Kijana alihesabu fedha. Mkubwa wake alikuwa mtu mwembamba, abakosti ya kijivu iliyong'aa viwikoni, kikohozi kisichomwacha. Nilimtarajia simba, akaja mtu aliyeomba maji ya moto kwa ajili ya kifua chake na kushukuru kila alipoletewa. Nilipomwambia kwa fahari kwamba mfuko wetu haujawahi kupungua hata likuta moja, senti ya wakati ule, alinitazama kwa upole ulionitia hofu, akaniita "mwananchi" kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi.

"Citoyenne, mi siko naangalia kama feza iko ao hapana. Ile kijana njo anahesabu. Mi naangalia kitu moya: siku mutu atataka kuiba, nani atamuzuia?"

Siku mbili alisoma vitabu vyetu kimya. Siku ya tatu nilimwona amesogeza kitabu karibu na dirisha, anapitisha kidole juu ya zile *vu*, moja baada ya nyingine, kutoka juu mpaka chini ya ukurasa.

"Hii mukono iko muzuri," akasema. "Vu zote zinasimama palepale. Sawa machini."

Kisha akaniomba rula. Kabla sijainuka, akafungua mwenyewe droo ya meza yangu, na juu kabisa ilikuwa katoni yangu ya sabuni, na dirisha lake dogo, kingo zote nne zimekuwa buluu kwa wino.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kukaushia wino," nikasema.

Aliilaza juu ya mstari. Dirisha likaizunguka *vu* pande zote kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Hakuniuliza tena, aliitia katoni katika faili lake na kuendelea kukohoa. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko upana wa meza.

Adhuhuri nilimkuta Tata Kontable nyuma ya ofisi, anatawadha kwa maji ya birika.

"Tata, bamepata katoni."

Akaendelea kuosha mguu wa pili, mpaka kifundoni, bila haraka.

"Acha nisali kwanza," akasema.

Alasiri mkaguzi alimwita. Na mimi niliitwa, nikasimama karibu na mlango. Kitabu kiliwekwa wazi mbele ya mzee.

"Tata, unisomee mustari wa tano."

"Wa mwezi gani?"

Mkaguzi alimtajia mwezi. Tata Kontable aliinamisha kichwa, vidole vikaanza kugonga goti, akasema: namba ya mwanachama, uzazi, mapacha, mafungu mawili, kiasi. Ilikuwa sawasawa. Mkaguzi akafunua mbali nyuma, akataja mwezi mwingine na mstari mwingine. Mzee akasema tena, na tena ilikuwa sawasawa. Yule kijana aliacha kuhesabu. Kwa muda nilidhani tumepona, nikaanza hata kuvimba kichwa. Mkaguzi akafunua mara ya tatu, lakini Tata Kontable alinyoosha kiganja, akakipapasa kitabu, akakifunga.

"Citoyen, tusichokeshane. Macho yangu ilikufa, sasa iko mwaka na nusu. Huyu mutoto njo macho yangu. Kosa iko yangu, haiko yake."

Mkaguzi alikunywa maji yake ya moto.

"Na kama angekusomea uongo, Tata?"

"Ningesikia."

"Utasikia namna gani uongo ya namba?"

"Kule kwetu Kasongo," akasema Tata Kontable, "mwalimu wetu wa Kurani alikuwa kipofu. Tulikuwa batoto makumi tatu, tunasoma wote pamoya, na mwenye kukosea alimujua. Njo alinifundisha. Mutu mwenye anasoma uongo, mbele ya uongo anakamataka pumuzi, sawa mutu mwenye anataka kuruka mufereji."

"Na huyu dada, alikamata pumuzi mara ngapi?"

"Mara moya."

Nilishika kitasa cha mlango, kisha nikakiachia.

"Na we uliandika vu?"

Mzee alionekana kama mtu aliyetukanwa kidogo.

"Mi naandika vu juu ya kitu yenye niliona. Ile sikuona."

Mkaguzi akakifungua kitabu tena. Alifunua polepole, ukurasa kwa ukurasa, na sote tulisikia karatasi tu na kikohozi chake. Halafu mkono wake ukasimama. Nilisogea bila kuitwa. Pale, katikati ya safu ndefu ya *vu* zilizosimama wima, palikuwa na nafasi nyeupe, ukubwa wa dirisha la katoni. Miezi kumi na mmoja ilikuwa pale. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilipaswa kuambiwa, na aliyeniambia alikuwa kipofu.

Nilisema yote: mama, mvua, fundi wa sanduku. Nililia, na sikulia kwa sababu ya kazi. Nililia kwa aibu ya kukaa karibu mwaka mzima meza moja na mtu anayejua.

Mkaguzi alisubiri nimalize.

"Citoyenne, mi naona we uko mutu muzuri," akasema. "Njo ile njo shida. Batu babaya tunabajua, tunabafungia mulango. Kontrole inafanyiwaka zaidi batu bazuri, siku moya ile roho yabo inabashinda."

Kisha akamwita kesia, akamwonyesha nafasi ile nyeupe, akamwuliza kwa nini alilipa kitu ambacho mhasibu hakukiona. Kesia alisema kwamba yeye alitazama karatasi yangu tu. Kitabu hakuwahi kukitazama tangu aanze kazi. Direkta alipoletewa ripoti ya kila mwezi alitia sahihi chini bila kufunua. Mkaguzi aliyaandika hayo yote kwa herufi ndogondogo. Sikumwona akifurahi. Alimwambia direkta, mbele yetu, kwamba katika ofisi nzima kizuizi kilifanya kazi mara moja tu, na aliyekifanyisha kazi ni mtu asiyeona.

Hakutufichia kitu. Aliandika ukweli, kwamba mhasibu hana macho na karani aliusoma mstari mmoja kwa uongo. Lakini pale penye sababu hakuandika "kosa". Aliandika "ugonjwa wa macho". Kwa neno hilo Tata Kontable alistaafishwa kabla ya wakati wake, akapewa fedha zake za mwisho wa kazi pungufu ya ile miezi minane, na miezi mitatu ya kuitoka nyumba. Mimi nilikatwa mshahara mpaka tofauti ya mafungu mawili ikarudi mfukoni, nikabaki. Kesia alipata barua ya onyo, na kwa muda mrefu hakunijibu salamu. Wakaguzi waliondoka na vitabu vyetu kwenda Lubumbashi. Hata katoni waliichukua.

Miezi mitatu ile nilipita nyumbani kwake mara nyingi, nikasaidia kufunga vyombo, nikacheza na wajukuu, nikaongea na mke wake juu ya bei ya unga. Kila kitu niliongea isipokuwa kile. Siku ya mwisho lori la mpwa wake lilikuwa limesimama mbele ya mlango, lingepitia Fungurume na Likasi, kisha lipande kaskazini mpaka Kasongo. Yeye alikuwa ameketi juu ya sanduku uani, kanzu nyeupe, ameacha abakosti. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Tata," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

Alinigeuzia uso.

"Ningekuambia, ingekuwa mi njo nilikukamata," akasema. "Nilikuachia nafasi. Niliona utakuya wewe mwenyewe siku moya, tutayaza ile vu pamoya. Kila asubuhi ukifungua kitabu, nilisema: leo."

Nilihesabu zile asubuhi zote kichwani, jinsi nilivyokuwa nikifika naimba, namtania juu ya chai yake yenye sukari nyingi. Nilimwomba msamaha kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Soma," akasema.

"Tata, kitabu kiko Lubumbashi."

"Soma."

Basi nikasoma mikono mitupu. Namba ya mwanachama. Msiba. Mtoto wa kiume, miaka kumi na minne. Fungu la mtoto. Kiasi. Aliinamisha kichwa upande, na vidole vilikuwa gotini.

"Rudia."

Nikarudia, na safari hii nilisikia mwenyewe kwamba pumzi yangu imepita moja kwa moja mpaka mwisho.

"Vu," akasema.

Halafu akanyoosha mkono, akagonga sanduku alilokalia, akaniuliza kama kamba zimekazwa, maana ndani mlikuwa na sahani za mke wake na barabara ya Fungurume aliijua. Nikainuka, nikaizunguka ile kamba fundo kwa fundo, nikilivuta kila moja kwa mkono, kabla sijamjibu.